Dola, kadi au simu? Pesa ya kubeba ukienda Nairobi na ukienda Dubai

Mtu wa Dar akiuliza "nibebe dola au niende na kadi?", hajibiki mpaka aseme anakwenda wapi. Aliyekata tiketi ya basi la Nairobi kupitia Namanga na aliyekata tiketi ya ndege kwenda kusaka mzigo Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, hawana shida moja, hata kama wote wana milioni mbili na nusu mfukoni. Safari hizi mbili ndizo nitakazozilinganisha. Nitagusa pia Lubumbashi, Kongo, kwa sababu huko kuna ada ya kuondokea inayowakuta watu uwanjani hawana hata senti.

Msimamo wangu nautoa mapema. Nairobi: pesa ya simu kwa sehemu kubwa, na shilingi za Kenya kidogo mkononi. Dola huko zinakupa kazi ya bure. Dubai: dola taslimu, noti kubwa na safi, halafu kadi kwa ajili ya hoteli na dharura. Dirham (fedha ya Dubai) za kununulia Dar sizipendekezi, na sababu zipo ubaoni.

Ubao unasema nini

Kila duka la kubadilishia fedha lina ubao wa bei wenye safu mbili: kununua na kuuza. Anayenunua na kuuza hapo ni duka, wewe ni mteja. Ukipeleka dola zako unalipwa bei ya "kununua", ambayo ni ndogo. Ukitaka dola unauziwa kwa bei ya "kuuza", ambayo ni kubwa. Mwanya ulio katikati ndio mshahara wa duka. Kwa hiyo tangazo la "hatutozi kamisheni" lisikulainishe moyo, maana kamisheni imeshakaa ndani ya bei.

Tuchukue bei za mfano, za kwako utazisoma ubaoni siku yako. Dola: kununua 2,450, kuuza 2,520. Dirham: kununua 640, kuuza 700. Shilingi ya Kenya: kununua 18, kuuza 20. Mwanya wa dola hapo haufiki asilimia 3 ya bei ya kuuza. Wa dirham unapita asilimia 8, na wa shilingi ya Kenya ni asilimia 10. Ndivyo biashara hii inavyokwenda: fedha inayopita dirishani kutwa nzima ina mwanya mwembamba, na inayoombwa na mteja mmoja mmoja ina mwanya mpana, kwa sababu mwenye duka anaweza kulala nayo wiki nzima.

Bei zenyewe hazitulii. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, mwaka uliofuata ikashuka chini ya 2,500. Ushauri wa mtu aliyesafiri mwaka juzi kuhusu bei hauna kazi tena. Ushauri wake kuhusu mwanya bado unafaa.

Dubai: hesabu ya milioni mbili na nusu

Dirham ya Emirati imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Jambo hili linarahisisha mambo kuliko watu wanavyofikiri. Duka la Deira litakupa 3.65, 3.66 au karibu na hapo, leo na mwezi ujao. Hakuna haja ya kuvizia bei nzuri huko. Bei ya kuvizia ni ile ya Dar, shilingi kwa dola, kabla hujaondoka.

Sasa chukua shilingi 2,520,000. Kwa bei zetu za mfano unapata dola 1,000, na Deira kwa 3.66 zinakuwa dirham 3,660. Pesa hiyohiyo ukinunulia dirham moja kwa moja Dar kwa 700, unatoka na dirham 3,600. Umepoteza dirham 60 kwa kukwepa foleni moja. Anayepeleka mara tano ya hapo anapoteza 300, na hiyo tayari ni nauli za teksi za siku kadhaa.

Njia ya kurudi nayo ina makali yake. Dirham 500 zilizobaki ukizirudisha Dar unalipwa kwa 640, yaani shilingi 320,000. Ukizigeuza dola palepale Deira unaweza kupata kama dola 135, ambazo kwa 2,450 ni shilingi 330,750. Ila katika hizo 135 kuna noti ndogondogo, na maduka mengi ya Dar hulipa noti ndogo kwa bei ya chini kuliko ya mia na ya hamsini. Faida inayeyuka. Dawa yake ni kubadilisha kwa mafungu: leo dola 300, kesho 200, na mia ambayo hukuihitaji irudi nyumbani ilivyo. Uwanja wa ndege badilisha ya kukufikisha hotelini tu, bei zake huwa mbaya kuliko za mjini.

Shilingi zetu usizipeleke Dubai kabisa. Hata ukimpata wa kuzinunua, bei atakayokutajia utajuta.

Noti zenyewe zikague ukiwa bado dirishani Dar. Serikali ya Marekani haijawahi kufuta noti zake za zamani, lakini mwenye duka hafanyi biashara na serikali ya Marekani. Dola zenye kichwa kidogo (noti za zamani zenye picha ndogo ya mtu), zilizoandikwa kwa kalamu, zilizopigwa mhuri au kuchanika pembeni zitakataliwa au zitapunguzwa bei. Noti ya mia yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, haina maswali. Ukipewa noti chakavu sema palepale "naomba unibadilishie hii". Ukishatoka mlangoni, imekuwa yako.

Na risiti ichukue. Msako wa serikali kwenye maduka ya fedha, ulioanza Arusha mwishoni mwa 2018 na kuingia Dar mwanzoni mwa 2019, uliyafunga mengi. Kubadilisha kwa mtu wa mtaani ni kosa kisheria, na ukipewa noti bandia huna pa kulalamikia. Risiti ya duka lenye leseni ndiyo pia ushahidi wako pesa ilikotoka, ukiulizwa uwanjani.

Kutangaza pesa si kutozwa kodi

Hapa ndipo wafanyabiashara wanapojichongea wenyewe. Ukitoka Tanzania na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000, au thamani hiyo kwa fedha nyingine, unatakiwa kuzitangaza forodhani. Kenya nao kiwango chao ni dola 10,000. Emirati kiwango ni dirham 60,000, kama dola 16,300. Maana yake mwenye dola 12,000 hana cha kujaza akifika Dubai, ila anacho cha kujaza kabla ya kupanda ndege Dar. Wengi wanaulizia sheria za kule wanakokwenda, wanasahau za hapa wanapotoka.

Unajaza fomu, unaonyesha risiti, unaondoka na pesa yako yote. Anayezificha kwenye soksi za mtoto ndiye anayehatarisha mtaji.

Mwenye mzigo mkubwa kuliko hapo asibebe. Atume TT, yaani uhamisho wa pesa wa kibenki, kutoka benki kwenda akaunti ya muuzaji, akiwa na ankara mkononi. Makato ya benki yapo, ila mtu mmoja mwenye begi la dola kwenye chumba cha hoteli halali usingizi.

Kadi: inafaa wapi, inauma wapi

Kadi ya akaunti ya shilingi ikitumika Dubai hupita kwenye ubadilishaji, na benki inaongeza asilimia yake juu. Ukitoa pesa kwenye ATM kuna makato ya benki yako, na mara nyingi ya mashine pia. Ukitoa dirham 200 mara tano umelipa makato mara tano. Bora utoe elfu moja mara moja. Kadi iliyofungwa kwenye akaunti ya dola inapunguza maumivu, kwa sababu dola kwenda dirham haina mshangao.

Mtego mkubwa wa kadi unakuja kwa sura ya upole. Unaweka kadi, mashine inakuuliza: ulipe kwa dirham au kwa fedha ya kwenu? Inakuonyesha na kiasi kwa shilingi, ili moyo utulie. Chagua dirham. Ukichagua fedha ya kwenu, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa bei aliyojipangia. Muuza duka akikubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya.

Hotelini kadi ni karibu lazima, na hapo kuna jambo la kujua. Mapokezi watazuia kiasi fulani kama dhamana. Pesa hiyo haijakatwa, lakini huwezi kuitumia, na kwa kadi za benki zisizo za mkopo inaweza kuchukua siku nyingi kurudi baada ya wewe kuondoka. Mtu aliyepanga kununulia mzigo kwa salio lote la kadi hukwama hapo. Kama hoteli inapokea dhamana taslimu, toa taslimu, utarudishiwa asubuhi ya kuondoka. Weka kando pia ada ya utalii ya Dubai, dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona wakati wa kuweka nafasi, inadaiwa mezani.

Kabla ya yote, piga simu benki uwaambie unasafiri na uulize kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Laini yako ya Tanzania iache hewani, maana namba za siri za kuthibitisha malipo zinakuja humo.

Nairobi ni habari nyingine

Kupitisha pesa kwenye dola ili ufike kwenye shilingi ya Kenya kunalipa kidogo sana. Kwa shilingi 500,000, ukinunua KES (shilingi za Kenya) moja kwa moja kwa 20 unapata 25,000. Ukinunua dola kwanza unapata 198, na Nairobi kwa 128 zinakuwa 25,344. Tofauti ni kama 350 za Kenya, chakula cha mchana. Na hizo 198 zina noti za kumi na za tano ndani yake, ambazo bei yake si 128. Sioni sababu ya kuzunguka huko.

Simu je? M-Pesa ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom zimeunganishwa tangu 2015, na mitandao mingine nayo ina njia za kutuma nje. Usilinganishe makato peke yake. Gawanya jumla iliyotoka kwenye simu yako kwa shilingi za Kenya zilizoingia. Tuseme umetuma 500,000, ukakatwa 10,000 juu, ikaingia 25,300: 510,000 gawanya kwa 25,300 ni 20.16. Duka la fedha kwa 20 lingekupa 25,500. Simu imekuwa ghali kwa shilingi 200 za Kenya.

Bado nachagua simu. Basi la usiku, kituo cha mabasi alfajiri, na umati wa katikati ya jiji ni mahali ambapo shilingi 200 ni bei ndogo ya kutokuwa na bahasha kiunoni. Nairobi yenyewe inaishi kwa M-Pesa: muuza mboga, kinyozi, utingo wa matatu, wote watakutajia namba ya kulipia. Unachohitaji ni laini ya Safaricom, inayosajiliwa kwa pasipoti. Kama huna, tuma kwa ndugu unayemwamini akupokelee. Upande wa Kenya muamala mmoja wa M-Pesa unaishia shilingi 250,000 na salio haliwezi kupita 500,000, viwango ambavyo msafiri wa kawaida hatavigusa.

Noti za Kenya chache unazihitaji kwa njiani, na hapo ndipo Namanga inapoingia. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, kugonga mihuri kunafanyika haraka, kwa hiyo muda wa kufikiri ni mfupi. Wabadilishaji wa mkononi wanakufuata dirishani mwa basi wakiwa na mabunda na kikokotoo. Mchezo wao haujabadilika. Anakuhesabia noti kumi mbele ya macho yako, unaridhika, unazishika. Kisha anasema, "hebu tuhakikishe, kaka," anazichukua tena, anazikunja katikati na kukurudishia wakati kondakta anapiga kelele za kuondoka. Ukizikunjua Kajiado zimebaki saba. Noti ikishahesabiwa na kuingia mkononi mwako isirudi mkononi mwake kwa sababu yoyote, na kikokotoo kiwe cha simu yako. Ila kama umenunua KES elfu tatu au nne dukani Dar au Arusha, humhitaji kabisa.

Kuna na noti zilizokufa. Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya na kuipa ile ya zamani ya shilingi 1,000 mpaka Septemba 30, na Benki Kuu ya Tanzania ikasitisha ubadilishaji wa shilingi ya Kenya katika kipindi hicho. Waliokuwa wameficha maelfu ya Kenya "kwa safari ijayo" walibaki na karatasi. Kwetu pia, kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, Benki Kuu iliondoa noti za shilingi za matoleo ya 1985 hadi 2003. Akiba ya fedha za jirani isikae kabatini miaka. Dola zina uvumilivu zaidi, ingawa siku hizi huwezi kuzitumia kulipia kodi ya nyumba hapa nchini: kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa shughuli za ndani. Zilizobaki zirudi dukani au zisubiri safari.

| | Nairobi kwa basi | Dubai kwa ndege |
|---|---|---|
| Dola taslimu | Faida ndogo, usumbufu | Chaguo la kwanza |
| Fedha ya huko, kununua Dar | Ya njiani tu | Mwanya mpana, acha |
| Simu | Chaguo la kwanza | Haikusaidii dukani |
| Kadi | Hoteli na maduka makubwa | Hoteli, dharura |
| Shilingi ya Tanzania | Mpakani tu | Hapana |

Ada za kuondoka

Wazee wa safari wanakumbuka foleni ya dirisha la kulipia ada ya uwanja, pasipoti mkono mmoja na dola mkono mwingine. Kwa Dar hayo yamekwisha: ada ya huduma kwa abiria, dola 40 kwa safari ya nje na shilingi 10,000 kwa ya ndani, imo ndani ya tiketi. Angalia mstari wa kodi na ada kwenye tiketi yako, utaikuta. Faida ya kuujua mstari huo ni kwamba ukiikosa safari, hata kwa tiketi isiyorudishwa nauli, ada za uwanja mara nyingi hudaiwa na kurudishwa, kwa sababu hukuutumia uwanja. Watu wengi hawaombi. Dubai nako ada ya abiria imo kwenye tiketi.

Basi la Nairobi halina ada ya kuondoka nchini. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahusiki na kibali cha mtandaoni cha dola 30 ambacho Kenya ilianza kuwatoza wageni Januari 2024. Mtu akikudai "ya mhuri" mpakani, omba namba ya malipo ya serikali. Kwa kawaida deni linafutika lenyewe.

Dubai wakati wa kuondoka unaweza hata kudai pesa. Kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 5 tangu 2018, na mtalii hurudishiwa sehemu yake kwa manunuzi ya kuanzia dirham 250 katika duka lililosajiliwa kwa mpango huo. Unarudishiwa asilimia 85 ya kodi, baada ya kukatwa dirham 4.80 kwa kila risiti. Simu ya dirham 1,050 ina kodi ya 50 ndani yake; unapata 37.70. Sharti ni kumwambia muuzaji kabla hajatoa risiti, ukiwa na pasipoti, na kuthibitisha uwanjani kabla begi halijapokelewa na shirika la ndege, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa. Maduka mengi madogo ya jumla Deira hayamo kwenye mpango, kwa hiyo mwenye mabalo ya nguo asijipe matumaini. Mwenye simu mbili na kompyuta mpakato aende dirishani.

Lubumbashi ndiko desturi ya zamani ilikobaki. Kongo ilianzisha ada ya uwanja iitwayo Go-Pass mwaka 2009, dola 50 kwa anayeruka kwenda nje, na imekuwa ikilipwa kando ya tiketi. Uliza shirika lako kabla ya kufika uwanja wa Luano. Na Wakongo ni wakali kwa noti za dola kuliko Deira: mpasuko wa ukucha mmoja pembeni unatosha noti kurudishwa, na noti ya dola moja wengi hawaigusi, hata kama faranga anazokupa kama chenji zimelainika kama leso. Tenga hamsini moja safi siku unayotoka Dar, iweke ndani ya jalada la pasipoti, na usiivunje kulipia teksi ya uwanjani.